Boti za Doria na Mafunzo za Aina ya Archer: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Picha za boti hizi zikipita mtandaoni, hakosi mtu wa kuuliza: hii nayo ni meli ya vita? Mzinga uko wapi? Na hao vijana waliovaa majaketi okozi, ni wanajeshi au wanafunzi? Majibu yako hapa chini. Mengine marefu, mengine ya mistari miwili, kulingana na swali lenyewe.

Archer ni boti gani hasa?

Ni boti ndogo za doria na mafunzo za Jeshi la Wanamaji la Uingereza. Ya kwanza, HMS Archer, iliingia kazini mwaka 1985, na nyingi za wenzake zikafuata kabla ya miaka ya 1980 kuisha. Mbili za mwisho, Raider na Tracker, zilikuja baadaye sana, mwaka 1998. Jumla zikafika 16. Wanamaji wenyewe huziita P2000, jina la mchoro wake tangu kiwandani.

Nne kati ya hizo, yaani Example, Explorer, Exploit na Express, hazikuanzia jeshini moja kwa moja. Zilikuwa za Royal Naval Auxiliary Service, kikosi cha raia wa kujitolea waliowasaidia wanamaji katika kazi za bandarini na pwani. Kikosi hicho kilivunjwa mwaka 1994, boti zake zikahamishiwa jeshini na kupakwa rangi kama za wenzake.

Ni ndogo kiasi gani?

Urefu mita 20.8, upana mita 5.8, uzito tani 54 hivi. Sehemu inayozama majini ni mita 1.8 tu, kwa hiyo inaingia mitoni na kwenye vibandari vya mashua za starehe ambako manowari haiwezi kusogea. Ukitaka picha kamili, manowari ya Uingereza ya Type 45 ina mita 152. Panga Archer saba, omo kwa tezi, na bado hujaifikia.

Kama ni ndogo hivyo, mbona inaitwa HMS?

HMS maana yake ni meli ya mfalme au malkia wa Uingereza, na boti hii inaitwa hivyo kwa sababu imepokelewa rasmi jeshini. Inapeperusha White Ensign, bendera ile ile ya manowari kubwa, na ina kamanda aliyeteuliwa kwa barua. Kwa kawaida kamanda huyo ni luteni, na kwa wengi ndiyo meli yao ya kwanza kuiongoza. Msidharau cheo hicho: luteni wa majini huko Uingereza analingana na kapteni wa jeshi la nchi kavu. Boti ikipanda mwamba, anayeitwa kujieleza ni yeye, hata kama usukani ulikuwa mikononi mwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Mzinga uko wapi?

Haupo. Boti iliundwa ikiwa na nafasi ya kuweka mzinga wa milimita 20 kwenye omo, lakini kwa kazi ya mafunzo haufungwi. Zikipewa kazi ya ulinzi hufungiwa bunduki za rashasha za milimita 7.62. Ndivyo zilivyokuwa zile zilizolinda Gibraltar na Cyprus, na ndivyo zilivyokuwa zilizosindikiza nyambizi za nyuklia huko Scotland. Mtu akikuambia ameona kombora juu ya Archer, amechanganya na chombo kingine.

Imeundwa kwa chuma?

Hapana, kwa faiba, kama boti nyingi za kasi unazoziona Zanzibar au Lamu, ila yenye kuta nene zaidi. Faiba haishiki kutu, na kwa chombo kinachofanya kazi mwaka mzima kwenye maji ya chumvi, hilo ni sehemu ya siri ya kuishi miaka yote hiyo. Kazi ya kuziunda ilianza kwa kampuni ya Watercraft ya Shoreham, kusini mwa Uingereza. Kampuni ikafilisika kabla haijamaliza oda, na Vosper Thornycroft wakazimalizia zilizobaki. Jina hilo la Vosper tutakutana nalo tena, maana lina historia Mombasa.

Ndani kuna injini mbili za dizeli zenye tabochaja. Mwanzoni nyingi zilikuwa za Rolls-Royce, baadaye zikabadilishwa na kuwekwa za Caterpillar. Mwendo wake ni kama noti 20, yaani maili 20 za baharini kwa saa, na tangi likijaa inakwenda maili 550 hivi kwa mwendo wa noti 15.

Majina yametoka wapi? Biter, Smiter, Puncher… kama kundi la mabondia.

Mengi ni ya kurithi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Archer, Biter, Dasher, Tracker, Pursuer, Puncher, Smiter na Trumpeter zilikuwa meli ndogo za kubeba ndege, zilizojengwa Marekani na kukabidhiwa Uingereza ili zilinde misafara ya meli za mizigo dhidi ya nyambizi za Ujerumani.

Jina zito kuliko yote ni Dasher. Tarehe 27 Machi 1943 meli hiyo ililipuka ikiwa kwenye ghuba ya Clyde, Scotland, bila adui yeyote kuonekana, ikazama kwa dakika chache. Walikufa watu 379. Habari ilifichwa wakati ule kwa sababu za vita, na familia nyingi zilikaa muda mrefu bila kuelezwa kilichotokea. Leo boti inayobeba jina hilo ina nafasi ya watu kumi na kitu.

Charger nayo ina kisa chake. Meli ya kubeba ndege iliyoitwa hivyo haikufika Uingereza: Wamarekani waliirudisha kwao na kuitumia kufundishia marubani na wahudumu wa ndege kwenye ghuba ya Chesapeake. Kwa jina hilo, kazi ya ualimu ilianza zaidi ya miaka arobaini kabla ya boti hii.

Hao vijana ni wanajeshi au wanafunzi?

Ni wanafunzi wa vyuo vikuu. Uingereza ina vitengo vya wanamaji vyuoni, vinavyoitwa University Royal Naval Units. Cha kwanza kilianzishwa Aberdeen mwaka 1967. Mwanafunzi anasoma shahada yake ya kawaida, iwe uhandisi, sheria au fasihi. Jioni moja kwa wiki anahudhuria mafunzo akiwa na sare, baadhi ya wikendi anakwenda baharini, na likizo ya Pasaka au ya kiangazi anaweza kwenda safari ndefu ya kuzunguka bandari za Ulaya.

Anapata posho kwa muda anaohudhuria. Akimaliza chuo halazimiki kujiunga na jeshi, na wengi hawajiungi. Wapo watakaoona huko ni kuchezea fedha za umma. Mimi naona jeshi linajua linachofanya: mwanasheria au mhariri aliyewahi kushika zamu saa nane za usiku kwenye mvua hatahitaji kuelezwa kwa nini nchi ya kisiwa inahitaji wanamaji.

Kila chuo kina boti yake?

Kwa miaka mingi ndivyo ilivyokuwa. Puncher ilikuwa ya London, Biter ya Manchester, Charger ya Liverpool, Example ya Newcastle, Express ya Wales. Birmingham, mji usio na bahari hata ya kusingiziwa, ulikuwa na Exploit, na boti yenyewe ikawekwa Penarth, karibu na Cardiff, ili wanafunzi wapande basi kuifuata.

Siku hizi boti hazifungwi tena kwa chuo kimoja. Ziko chini ya kikosi kimoja, Coastal Forces Squadron, kilichopewa jina hilo mwaka 2020. Wanafunzi wanapangiwa zamu za safari, na boti zikiwa hazina wanafunzi zinafanya kazi za kijeshi.

Wanafundishwa nini hasa wakiwa ndani?

Kuendesha boti, kwa maana pana ya neno hilo. Kuna usukani, kuna rada, kuna redio, kuna zamu ya injini, kuna kufunga kamba gatini. Lakini kinachowatoa jasho wengi ni ramani.

Chukua zoezi la kujua mlipo bila kutegemea setilaiti. Mwanafunzi anachagua alama tatu za nchi kavu zilizochorwa kwenye ramani, tuseme mnara wa taa, mnara wa kanisa na ncha ya rasi. Anazipima moja moja kwa dira, haraka, huku mwenzake akiandika saa. Kisha anachora mistari mitatu. Akipima vizuri, mistari inakutana na kuacha kipembetatu ambacho ncha ya penseli inakaribia kukiziba. Pembetatu ikitoka kubwa kama sarafu, kuna kosa: ama amesoma dira vibaya, ama mnara aliopima si ule wa kwenye ramani. Na wakati anakuna kichwa, boti haimsubiri. Kwa noti 15 inasogea zaidi ya mita 450 kila dakika. Kwa hiyo hata akipata jibu sahihi, ni jibu la mahali walipokuwa. Lazima ajifunze kuanza na swali la mbele: dakika sita zijazo tutakuwa wapi, na chini yetu patakuwa na maji kiasi gani?

Halafu kuna kuegesha. Injini mbili maana yake rafadha mbili, moja kila upande. Ukiipeleka ya kulia mbele na ya kushoto nyuma, boti inageuka karibu pale pale iliposimama. Kwa maneno ni rahisi. Upepo ukiwa unasukuma kutoka ubavuni na mkondo ukivuta kwa nyuma, mwanafunzi anaona gati linamjia huku mikono yake ikiwa bado inatafuta wenzo upi ni upi. Kamanda amesimama hatua moja nyuma yake, mikono mfukoni, anahesabu sekunde kabla ya kulazimika kuingilia. Naamini huyo ndiye mwenye kazi ngumu kuliko wote chomboni.

Pia wanafanya zoezi la mtu kuanguka baharini, mara nyingi na bila taarifa. Sanamu linarushwa majini, mtu mmoja anaambiwa alinyooshee kidole na asiondoe macho hata akiitwa, na boti inageuzwa kulirudia. Kichwa cha mtu kwenye mawimbi ya mita moja hupotea machoni kabla hujamaliza kusema "yule pale".

Na maji kupwa na kujaa?

Hapa watu wa mwambao wetu wana cha kulinganisha. Bamvua la Mombasa au Zanzibar huleta tofauti ya kama mita 4 kati ya maji kujaa na kupwa, na kila mvuvi anajua maana yake. Kwenye mkono wa bahari wa Bristol, ilikokuwa Express na Exploit, tofauti hiyo wakati wa bamvua inapita mita 12, miongoni mwa kubwa kabisa duniani. Ghuba ya Cardiff yenyewe imefungwa kwa ukuta wenye malango ya maji, na boti inatoka humo kwa kuinuliwa au kushushwa langoni kama lifti. Ukikosea hesabu ya maji huko, hukai kwenye mchanga ukisubiri jioni ukipiga soga. Mkondo wenyewe una nguvu ya kukupeleka usikotaka.

Kwa nini wasijifunzie kwenye simuleta, au kwenye meli kubwa?

Simuleta wanazo, na ni nzuri kwa kurudia kosa lile lile mara ishirini bila kuvunja kitu. Meli kubwa nazo wanazipanda. Ila kwenye frigeti yenye mabaharia karibu mia mbili, mwanafunzi ni mgeni anayesimama nyuma ya mtu anayesimama nyuma ya mtu. Kwenye Archer mabaharia wa kudumu walikuwa watano tu. Wanafunzi wasiposhika zamu, hakuna zamu. Asipopika mtu, hakuna chakula.

Tena chombo kidogo kinajibu papo hapo. Meli ya tani 8,000 inachukua muda kuonyesha kwamba umekosea usukani. Ya tani 54 inakuonyesha kabla hujafunga mdomo, na kikombe cha chai kikishuka mezani kila mtu anajua nani alikuwa usukanini. Ndiyo maana siiti boti hizi meli za vita zilizopunguzwa. Udogo ndio somo lenyewe.

Bahari ikichafuka inakuwaje?

Inatikisika sana. Umbo lake liliundwa kwa kasi na maji ya pwani, halikuundwa kwa starehe. Bahari ya Kaskazini mwezi wa Februari huwalevya hata mabaharia wazoefu, na hakuna anayecheka mwenzake maana zamu yake ya kutapika inakuja. Kamanda ana ruhusa ya kubaki bandarini, na kukataa kutoka kwa sababu ya hali ya hewa nako ni sehemu ya mafunzo.

Wanalala wapi?

Chini ya sitaha, kwenye vitanda vya ghorofa vilivyobanana, wavulana na wasichana wakitenganishwa kwa utaratibu wa chombo. Kuna jiko dogo, choo, na meza ambayo asubuhi ni ya chai, mchana ni ya ramani, usiku ni ya karata. Wakifika bandarini, kipaumbele cha kwanza ni bafu la nchi kavu.

Hiyo doria wanaifanya wapi?

Sehemu nyingi kuliko watu wanavyofikiri. Ranger na Trumpeter zilihamishiwa Gibraltar mwaka 1991 na kukaa huko miaka mingi, zikilinda maji ambayo Uhispania nayo inayadai. Dasher na Pursuer zilikuwa Cyprus hadi mwaka 2010, zikilinda meli zinazohudumia kambi za Uingereza za kisiwa hicho. Miaka kumi baadaye boti hizo hizo mbili zikapelekwa Gibraltar kushika nafasi wakati boti za zamani za pale zimeondolewa na mpya, Cutlass na Dagger, hazijakamilika.

Huko Faslane, Scotland, ndiko maskani ya nyambizi za nyuklia za Uingereza. Nyambizi ikiwa juu ya maji ikipita kwenye mlango mwembamba wa bahari ni kubwa, haigeuki upesi, na kila mwenye kamera au bango la maandamano anaiona. Raider na Tracker zilifungwa bunduki na kinga za ziada kwa ajili ya kuizunguka na kuwaweka watu mbali nayo.

Zaidi ya hapo, boti hizi zimeshiriki mara kadhaa mazoezi ya pamoja ya NATO kwenye Bahari ya Baltiki, na zimefika kaskazini mwa Norway, ng'ambo ya Mstari wa Aktiki, ambako mabaharia hupasua barafu kwenye sitaha kwa nyundo ili boti isilemewe juu. Kazi nyingine wanayoipenda ni kuigiza adui. Manowari kubwa inapojifunza kujihami dhidi ya kundi la boti za kasi, hizi ndizo zinazoijia kutoka pande zote.

Zingefaa Bahari ya Hindi, dhidi ya maharamia?

Karibu na pwani, labda. Mombasa hadi Dar es Salaam na kurudi, mafuta yanatosha. Lakini kutoka Mombasa hadi Seychelles ni zaidi ya maili 900 za baharini, na Archer ina maili 550. Haina helikopta, haina hospitali, haina akiba ya chakula cha wiki nyingi. Ndiyo maana wakati wa uharamia wa Somalia waliotumwa walikuwa frigeti na meli za msaada.

Afrika Mashariki ina uhusiano wowote na boti hizi?

Kwa ukoo wa viwanda, ndiyo. Jeshi la Wanamaji la Kenya lilizinduliwa Desemba 1964, na boti zake za kwanza za doria, KNS Simba, KNS Chui na KNS Ndovu, ziliundwa na Vosper huko Portsmouth katikati ya miaka ya 1960. Vosper ndiyo iliyoungana na Thornycroft na baadaye kumalizia Archer. Miaka ya 1970 Kenya ikaongeza Mamba, Madaraka, Jamhuri na Harambee kutoka kiwanda kingine cha Uingereza, Brooke Marine cha Lowestoft. Zilikuwa na urefu wa mita 30 na zaidi na silaha za kweli, kwa hiyo si ndugu wa tumbo moja na Archer. Lakini kizazi cha kwanza cha mabaharia wa Mtongwe, kambi ya wanamaji wa Kenya huko Mombasa, kilijifunza kazi juu ya boti za doria za namna hiyo, kwa sababu ndizo zilizokuwepo.

Nchi nyingine zinafanyaje?

Kanada ina boti nane za aina ya Orca huko Esquimalt, pwani ya Pasifiki. Zina mita 33, ni za chuma, na zina nafasi kubwa kuliko Archer. Tofauti ni kwamba hazikupokelewa rasmi kama meli za kivita, hivyo hazibebi HMCS, yaani HMS ya Kanada, mbele ya jina. Marekani ina boti za YP kwenye chuo cha wanamaji cha Annapolis. Hizo ni za mwendo wa taratibu, hazina hata jina, namba tu. Nikiambiwa nichague pa kujifunzia, nachukua Orca kwa usingizi na Archer kwa kazi.

Wanawake wanaruhusiwa?

Ndiyo, kama wanafunzi, mabaharia na makamanda. Boti hizi zilikuwa na makamanda wanawake miaka mingi kabla Sarah West hajakabidhiwa frigeti HMS Portland mwaka 2012, mwanamke wa kwanza kuongoza manowari kubwa ya Uingereza.

Mtoto wangu anasoma Uingereza. Anaweza kujiunga?

Jeshi la Wanamaji la Uingereza hupokea raia wa Jumuiya ya Madola katika nafasi kadhaa, na Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda zote ni wanachama. Kitengo cha chuo kina masharti yake ya uraia, ukaazi, afya na ukaguzi wa usalama. Aende mwenyewe kwenye meza yao wiki ya kupokea wanafunzi wapya, mapema, na pasipoti mkononi. Kujua kuogelea si hiari.

Nikiiona bandarini nitaijuaje?

Soma namba ubavuni. Archer ni P264, Biter P270, Smiter P272, Pursuer P273, Tracker P274, Raider P275, Blazer P279, Dasher P280, Puncher P291, Charger P292, Ranger P293 na Trumpeter P294. Zile nne zilizotoka kwa raia wa kujitolea zina namba za mbali kidogo: Express P163, Explorer P164, Example P165, Exploit P167. Zikitia nanga kwenye sherehe za bandari, mara nyingine wageni hukaribishwa ndani. Vaa viatu visivyoteleza, na uinamishe kichwa mlangoni.